Uhamiaji na utaifa katika Nyanda za Juu Kusini (Tanzania)

Nyanda za Juu Kusini ni eneo la Tanzania linalojumlisha mikoa ya Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe na Rukwa; mara nyingine hata Katavi na Ruvuma huhesabiwa humo. Eneo hilo linapakana na Malawi na Zambia, linapitiwa na barabara kuu na reli za kwenda kusini mwa Afrika, na karibu kila jamii yake husimulia kwamba mababu walitoka mahali pengine. Kwa sababu hiyo linafaa kuchunguzia swali ambalo nchi nyingi duniani zinaligombania: mgeni anakuwa mwenyeji lini, na nani mwenye haki ya kuamua?

Jibu la Tanzania lina sehemu mbili. Kisheria, tangu mwaka 1961 nchi ilikataa kutumia rangi wala kabila kama kipimo cha uraia. Katika maisha ya kila siku, Mtanzania hutambuliwa kwa lugha, kwa majirani na kwa wazazi wanaojulikana walikotoka. Kwa watu walio wengi sehemu hizo mbili zinakutana bila wao kugundua. Kwa wachache, hasa wakazi wa mipakani na watoto wa watu waliosafiri sana, hazikutani. Hapo mtu anaweza kuzeeka nchini bila kuweza kuthibitisha kwamba nchi ni yake.

Mwanjelwa

Mwanjelwa ni eneo la biashara katika Jiji la Mbeya, kando ya barabara kuu ya TANZAM inayotoka Dar es Salaam kuelekea Tunduma na Zambia. Linajulikana hasa kwa soko lake, ambalo liliteketea kwa moto mnamo Desemba 2006. Wafanyabiashara wengi walihamia soko la SIDO lililo jirani, na soko jipya la Mwanjelwa lilijengwa baadaye.

Mbeya ni mji mchanga. Ulianza katika miaka ya 1920, wakati wa uchimbaji wa dhahabu ya Lupa upande wa Chunya, katika nchi ya Wasafwa. Ndiyo sababu wakazi wa Mwanjelwa karibu wote ni watu waliofika, au watoto na wajukuu wa waliofika: Wanyakyusa kutoka Rungwe na Kyela, Wakinga kutoka Makete wanaosifika kwa maduka, Wabena wa Njombe, Wandali wa Ileje, Wanyiha wa Mbozi, pamoja na Wasafwa wenyewe. Ndizi za Tukuyu, mchele wa Kyela na wa Usangu, na viazi vya milima ya Uporoto hupitia mikononi mwao. Majina ya baadhi ya sehemu za jiji, kama vile Ghana, Ruanda na Soweto, yasimpotoshe msomaji akadhani ni makazi ya watu wa huko.

Sokoni lugha ni Kiswahili. Swali la kwanza kati ya watu wasiofahamiana huwa "kwenu wapi?" Swali hilo haliulizi uraia. Linauliza wazazi walikozaliwa, mahali familia inapozikia watu wake. Anayejibu Makete au Ileje amejieleza vya kutosha, hata kama hajawahi kulala huko zaidi ya wiki moja. Asiye na jibu huanza kuangaliwa kwa makini. Utaratibu huo hauko katika sheria yoyote, lakini, kama inavyoelezwa hapa chini, maofisa nao huutumia.

Wenyeji waliowahi kuwa wageni

Mfano ulio wazi zaidi ni Wangoni. Mababu zao walikimbia vita vya kusini mwa Afrika wakati wa kuinuka kwa dola la Wazulu, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba na kufika hadi Ufipa, alikofariki katika miaka ya 1840. Baada ya hapo walitawanyika, na baadhi yao wakatawala eneo la Songea. Walikuja kwa silaha, wakateka watu na kuwameza katika jamii yao, nao wenyewe wakapokea lugha za waliowakuta. Leo hakuna anayemwambia Mngoni arudi Afrika Kusini, isipokuwa Mhehe kwa utani.

Wahehe nao si watu wa asili moja. Jina hilo lilikusanya koo na falme ndogo nyingi zilizounganishwa katika karne ya 19 na Munyigumba, kisha na mwanawe Mkwawa aliyepigana na Wajerumani kuanzia ushindi wa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 hadi kifo chake mwaka 1898. Watawala wa Wanyakyusa kwa upande wao husimulia kwamba asili yao ni milima ya Ukinga. Kwa hiyo kabila, ambalo wengi hulidhani kuwa kitu cha kale kisichobadilika, mara nyingi ni matokeo ya uhamiaji uliosahaulika.

Inafaa kuongeza kwamba kuwa raia hakumhakikishii mtu mapokezi mema. Wafugaji Wasukuma waliohamia Usangu na ng'ombe wao walikuwa Watanzania kamili, lakini mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji wengi katika bonde hilo ili kulinda vyanzo vya maji, na katika mabishano yale neno "wavamizi" lilitumika kwa raia kama linavyotumika kwa wageni.

Wageni wa zama za ukoloni

Ubaridi wa nyanda hizi uliwavuta walowezi kutoka Ulaya. Wajerumani, Waingereza na Wagiriki walilima katika sehemu za Iringa. Mufindi ikawa nchi ya chai. Wahindi walifungua maduka katika kila mji mdogo. Huko Rujewa, katika bonde la Usangu, kuna jamii ya Wabaluchi, ambao asili yao ni eneo la Baluchistani kati ya Uajemi na Pakistani. Wameishi hapo kwa vizazi kadhaa, wanalima mpunga, na ukiwauliza kwao wapi watakuambia Rujewa.

Wageni wasiokumbukwa sana ni Wapoland. Baada ya Umoja wa Kisovyeti kuteka mashariki mwa Poland mwaka 1939, familia nyingi zilipelekwa kwa nguvu Siberia na Kazakhstan. Zilipoachiliwa zilipitia Uajemi, na kuanzia mwaka 1942 maelfu walipokewa katika makoloni ya Uingereza Afrika ya Mashariki, wengi wao wakiwa wanawake na watoto kwa kuwa wanaume walikuwa jeshini. Kambi kubwa zaidi ya Tanganyika ilikuwa Tengeru karibu na Arusha, lakini nyingine mbili zilikuwa nyanda za juu: Ifunda katika Iringa na Kidugala katika Njombe. Baada ya vita wengi waliondoka kwenda Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko. Yamebaki makaburi. Siku hizi, habari za wakimbizi zinapoelezwa kama safari ya Waafrika kwenda Ulaya, ni vema kukumbuka kwamba wakulima wa Ifunda waliwahi kuwaona wakimbizi wa Ulaya wakifika kwao.

Watu wa nyanda hizi wenyewe pia walikuwa wahamiaji. Vijana wa Rungwe na jirani zake walienda kufanya kazi katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia) na ya dhahabu Afrika Kusini, wengine wakiandikwa na shirika la WENELA. Baadhi walirudi na mabati na baiskeli, wengine na wake na watoto waliozaliwa huko. Jambo hilo lilionekana dogo wakati ule, lakini lilikuja kuwa na uzito miaka mingi baadaye, vyeti vilipoanza kuulizwa.

Uamuzi wa mwaka 1961

Tanganyika ilipokaribia uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, bunge lilijadili muswada wa sheria ya uraia. Nchi ilikuwa na Waafrika zaidi ya milioni 9, Waasia wasiofika laki moja na Wazungu elfu ishirini na kitu. Baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao, au wengine wasubiri. Hoja yao haikuwa ya ajabu: wageni hao ndio walioshika biashara, mashamba makubwa na vyeo, na wengi wao hawakuwahi kupigania uhuru.

Waziri Mkuu Julius Nyerere aliipinga hoja hiyo bungeni mwezi Oktoba 1961. Alisema kwamba kumhukumu mtu kwa rangi yake ndilo jambo lilelile TANU iliyokuwa ikilipiga vita, akawafananisha wenye mawazo hayo na Wanazi wa Ujerumani, na kutangaza kwamba serikali yake ingejiuzulu kama bunge lingepitisha uraia wa rangi. Muswada ulipita. Nje ya bunge msimamo wa kinyume uliwakilishwa na Zuberi Mtemvu, kiongozi wa chama cha African National Congress. Katika uchaguzi wa rais wa mwaka 1962 alipata chini ya asilimia 2 ya kura.

Sheria ile iliweka kwamba aliyezaliwa Tanganyika, na ambaye angalau mzazi wake mmoja alizaliwa Tanganyika, anakuwa raia moja kwa moja siku ya uhuru. Waliozaliwa nchini bila mzazi aliyezaliwa humo, pamoja na wakazi wengine wenye hadhi fulani chini ya Uingereza, walipewa miaka miwili ya kujiandikisha. Uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima ulikatazwa, na katazo hilo limerithiwa na sheria zilizofuata.

Nyanda za juu zilikuwa na mfano wa karibu wa maana ya uamuzi huo. Marion Chesham, mzaliwa wa Marekani aliyeletwa Mufindi na ndoa yake na lodi Mwingereza, alikuwa amechaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria kwa upande wa Iringa katika uchaguzi wa 1958–1959, akiungwa mkono na TANU. Katika uchaguzi huo kila mpiga kura alipaswa kuchagua watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, kwa hiyo Waafrika ndio walioamua hata Mzungu yupi ashinde. Baada ya uhuru Chesham alichukua uraia wa Tanganyika na kubaki.

Ushahidi mwingine uko katika kumbukumbu za Nelson Mandela. Mwanzoni mwa mwaka 1962 alitoroka Afrika Kusini kupitia Bechuanaland na kutua Mbeya kwa ndege ndogo. Hotelini aliwakuta weusi na weupe wameketi pamoja barazani, jambo ambalo hakuwahi kuliona katika hoteli yoyote. Alipokelewa na mbunge John Mwakangale, na ameandika kwamba hapo Mbeya ndipo alipojisikia kuwa mtu huru kwa mara ya kwanza.

Lakini uamuzi wa 1961 haukumaliza mambo. Waasia wengi walisita kuchukua uraia kabla muda haujaisha mwezi Desemba 1963. Sheria ya mwaka 1971 iliyotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 haikutaja rangi, ila wenye majengo hayo wengi walikuwa Waasia, na baada yake wengi waliondoka. Ni ukumbusho kwamba sheria isiyo ya kibaguzi kwa maneno inaweza kuwaangukia zaidi watu wa kundi moja.

Lugha, shule na sensa

Utaifa wa Tanzania ulijengwa kwa vitendo vingi vidogo kuliko hotuba. Mamlaka ya machifu yalifutwa mwaka 1963. Kiswahili kilikuwa lugha ya shule za msingi, mahakama za mwanzo na mikutano ya chama. Wanafunzi wa sekondari walipelekwa shule za bweni mbali na mikoa yao, hivyo kijana wa Mbozi alijikuta Tanga, na wa Mara akasoma Iringa. Ndoa nyingi za makabila tofauti zina mizizi katika shule hizo na katika Jeshi la Kujenga Taifa. Tena, sensa haijauliza kabila tangu ile ya mwaka 1967.

Reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia (kilometa 1,860), ilikuwa kwa Mbeya tukio kubwa kuliko mengi ya hayo. Ilileta wafanyakazi wa mikoa yote, na wengi wao hawakurudi kwao.

Njia hii inatofautiana na ile ya baadhi ya nchi ndogo za Ulaya. Luxemburg, kwa mfano, ina wakazi ambao karibu nusu yao si raia, na lugha yake ya Kiluxemburg imekuwa alama ya utaifa ambayo mwombaji wa uraia hupimwa kwayo. Katika kura ya maoni ya mwaka 2015 takriban asilimia 78 ya wapiga kura walikataa wageni wasipige kura za bunge. Hofu huko ni kwamba lugha ndogo ya wenyeji itazama. Tanzania haikuwa na hofu hiyo, kwa sababu lugha yake ya taifa haikuwa ya kabila lolote kubwa, na mgeni aliyejifunza Kiswahili hakuwa amechukua mali ya mtu. Sheria ya uraia ya 1995 inamtaka mwombaji ajue Kiswahili au Kiingereza. Kwa mawazo ya watu wa Mwanjelwa, Kiingereza pekee kisingemfikisha mbali.

Raia wapya

Jaribio kubwa zaidi la utaifa huu lilitokea kaskazini-magharibi mwa nyanda za juu. Mwaka 1972 mauaji ya Wahutu nchini Burundi yalisababisha maelfu ya watu kukimbilia Tanzania. Serikali iliwapa ardhi katika makazi matatu: Katumba na Mishamo, ambayo leo yako Mkoa wa Katavi, na Ulyankulu katika Tabora. Kila familia ililima shamba lake. Baada ya miaka kadhaa makazi hayo yalijitegemea kwa chakula na hata kuuza. Nyuma yake palikuwa na mfano mwingine: mwaka 1980 Tanzania ilikubali kuwapa uraia wakimbizi wapatao 36,000 kutoka Rwanda. Mwaka 1983 Nyerere alitunukiwa nishani ya Nansen kwa ajili ya huduma kwa wakimbizi.

Mnamo mwaka 2007 serikali za Tanzania na Burundi pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) zilikubaliana kwamba wakimbizi wa 1972, waliokuwa wapatao 218,000, wachague kurudi au kuomba uraia. Karibu wanne kati ya watano walichagua kubaki. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Tanzania. Hadi mwaka 2010 maombi ya watu 162,156 yalikuwa yamekubaliwa, idadi ambayo ni nadra popote duniani kwa mara moja.

Hata hivyo vyeti havikutolewa. Sharti lilikuwa kwamba raia wapya, kama walivyoitwa, wahame makazi yao na kusambazwa katika mikoa mingine, ili wasibaki kama Burundi ndogo ndani ya Tanzania. Nia ilikuwa kuwafanya Watanzania wa kawaida. Tokeo lilikuwa kuwaweka miaka kadhaa bila uraia wa zamani, waliokuwa wameukana, na bila cheti cha ule mpya. Mikoa iliyotajwa haikuwa tayari kuwapokea, gharama zilikuwa kubwa, na wao wenyewe hawakutaka kuacha mashamba na makaburi ya wazee wao. Mpango wa kuwahamisha uliachwa, na vyeti vilianza kugawiwa mwezi Oktoba 2014, hivyo wakaweza kushiriki uchaguzi wa 2015.

Kosa la mpango ule, kwa kadiri inavyoonekana, lilikuwa kudhani kwamba mtu huwa Mtanzania kwa kuondolewa alipozoea. Mkinga wa Mwanjelwa haachi kuwa na kwao Makete, na haonekani kuwa na utaifa pungufu kwa sababu hiyo. Raia wapya nao walikuwa na kwao, na kwao kulikuwa Katumba.

Kundi dogo zaidi lilipokewa kwa namna tofauti kabisa. Wasomali wenye asili ya Kibantu, ambao mababu zao Wazigua walipelekwa Somalia katika biashara ya watumwa ya karne ya 19, walikimbia vita vya Somalia na kupewa ardhi huko Chogo, Mkoa wa Tanga. Baadhi yao walikuwa bado wanasema Kizigua. Waliochagua uraia wa Tanzania walichukuliwa kama ndugu waliorudi.

Mzigo wa kuthibitisha

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inatambua uraia wa aina tatu: wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi, yaani wa kuomba. Ukisoma maneno yake, karibu kila aliyezaliwa nchini baada ya Muungano wa 1964 ni raia, isipokuwa watoto wa wanadiplomasia na wa maadui. Lakini desturi ya mamlaka ni kudai kwamba angalau mzazi mmoja awe raia, na cheti cha kuzaliwa peke yake hakihesabiwi kuwa uthibitisho wa uraia. Kwa hiyo mwombaji wa kitambulisho cha taifa au pasipoti huulizwa habari za wazazi, mara nyingine za babu na bibi, pamoja na barua ya serikali ya mtaa. Hapo ndipo "kwenu wapi?" ya sokoni inapogeuka kuwa swali la ofisini.

Swali hilo halijali cheo. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba watu wanne mashuhuri hawakuwa raia, akiwemo Jenerali Ulimwengu, mwandishi wa habari aliyewahi kuwa mbunge na mkuu wa wilaya, na Timothy Bandora, balozi wa Tanzania nchini Nigeria. Ulimwengu alipata uraia baadaye kwa tajnisi, yaani aliomba kile alichokuwa ameishi nacho maisha yake yote. Wengi waliona kwamba hoja ya uraia ilikuwa imetumika kisiasa. Mwaka 2013, katika operesheni iliyoitwa Kimbunga, maelfu ya watu waliondolewa katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, wakiwemo walioishi nchini kwa miongo mingi.

Kesi muhimu zaidi ni ile ya Anudo Ochieng Anudo dhidi ya Tanzania, iliyoamuliwa tarehe 22 Machi 2018 na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu yenye makao yake Arusha. Mlalamikaji alikuwa na hati za Kitanzania, ikiwa ni pamoja na pasipoti. Alitangazwa kuwa si raia, akasukumwa Kenya, Kenya nayo ikamrudisha, akajikuta anaishi kati ya vituo viwili vya mpaka huko Sirari. Mahakama ilisema kwamba mtu ambaye dola lenyewe lilimtambua kama raia hapaswi kubebeshwa mzigo wa kuthibitisha. Ni juu ya dola kuthibitisha kwamba si raia. Iliagiza pia sheria irekebishwe ili mtu apate njia ya kwenda mahakamani. Mwezi Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kupeleka kesi moja kwa moja katika mahakama hiyo.

Kuna tofauti nyingine katika sheria inayoonekana kirahisi mitaani: mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania ana njia nyepesi ya kuomba uraia, lakini mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hana. Mwanamke wa Tunduma aliyeolewa na Mzambia anaijua tofauti hiyo bila kufundishwa.

Mpaka wa Songwe

Mpaka wa Tanzania na nchi za Malawi na Zambia ulitokana na mapatano ya Ujerumani na Uingereza ya tarehe 1 Julai 1890. Mstari huo uliwakata watu waliokuwa wamoja. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga husikilizana lugha. Wanyamwanga wako Tunduma na wako ng'ambo yake, Nakonde nchini Zambia, miji miwili ambayo kwa macho ni mmoja. Watu huvuka kwenda sokoni, kanisani, msibani. Mtoto huzaliwa kwenye zahanati iliyo karibu, haidhuru ni ya upande upi.

Sehemu ya mpaka na Malawi ni mto Songwe, na mto huo hautulii. Katika tambarare ya chini, kabla haujaingia Ziwa Nyasa, mafuriko huubadilishia njia, hivyo shamba lililokuwa Kyela msimu huu laweza kuonekana ng'ambo msimu ujao. Kwa mwenye shamba hili si suala la ramani tu: ni suala la kodi alipe wapi, watoto wasome wapi, na apige kura ya nani. Serikali za Tanzania na Malawi zimeanzisha mpango wa pamoja wa kuendeleza bonde la mto huo, na mojawapo ya shabaha zake za mwanzo ilikuwa kuuimarisha mto ubaki katika njia yake.

Kwa wakazi wa namna hiyo, pamoja na wajukuu wa wale waliokwenda migodini, maswali ya vitambulisho yalipata uharaka mpya ilipotangazwa kwamba laini za simu zisajiliwe kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, zoezi lililofikia kikomo chake Januari 2020. Mzee ambaye baba yake alizaliwa Kitwe au Johannesburg, na ambaye hakuwahi kuhitaji karatasi kwa kuwa kijiji kizima kinamjua, alitakiwa kueleza kwa maandishi kile ambacho majirani walikuwa wakikieleza kwa mdomo. Utaratibu wa Tanzania unazingatia barua ya mtendaji na maneno ya majirani kuliko nchi nyingi zinavyofanya, na hilo limewasaidia maskini wasio na vyeti. Ila linamfanya mtu ategemee kupendwa na mtaa wake.

Wapita njia

Wahamiaji wanaotajwa zaidi katika habari za Mbeya siku hizi hawataki kuwa Watanzania. Ni vijana kutoka Ethiopia na Somalia wanaopitia barabara ya TANZAM kwenda Afrika Kusini, ambao hukamatwa Mbeya, Tunduma au Kyela na kufungwa kwa kuingia bila kibali. Husafirishwa na mawakala kwa malori ya mizigo. Mwezi Juni 2012 miili ya Waethiopia zaidi ya 40 ilipatikana katika Mkoa wa Dodoma, wakiwa wamekosa hewa ndani ya lori. Walikuwa wakielekea kusini. Wanafuata njia ileile waliyoipita vijana wa Rungwe walipoenda migodini, lakini wale waliandikwa na shirika lenye kibali, wakapewa hati na nafasi ya kukaa.